Mahudhurio

Kwenye geti la shule alikuwa ananiachia mkono.
Pale pale, penye jiwe la chokaa lililovunjika pembe.
"Kuanzia hapa mimi ni mwalimu," alisema,
na mama yangu akabaki nje
pamoja na umande na mbwa wa Mzee Kileo
mpaka saa nane na nusu.

Nilikuwa na miaka saba.
Nilisimama na wenzangu arobaini na tisa,
shikamoo mwalimu,
naye akatuitikia wote marahaba moja.
Hakuna kipande kilichobaki cha kwangu.

Nikikosa hesabu, alianza na mimi.
Nikipata zote, aliniita mwisho.
Lakini Ewaldi, mwanafunzi wa msimu,
kahawa ikiiva haonekani, kahawa ikiisha huyo,
Ewaldi alifuatwa mpaka mgombani kwao,
kitabu kimeviringwa kwenye mfuko wa sukari,
buti zimelemewa na tope la Nronga,
na Mwalimu Apaikunda akachuma naye debe zima
huku akimuuliza saba mara nane.
Usiku ule nilikula kiporo peke yangu.
Niliandika Ewaldi kwenye majivu ya jiko,
nikamfuta kwa kisigino.

Sitasema alikuwa malaika.
Chaki ilimpasua vidole,
na kwa vidole hivyo alinipaka mafuta ya mgando:
msasa mtupu.
Mama, taratibu.
Taratibu itakuchelewesha.
Mwaka mshahara ulipokwama miezi mitatu
kitenge chake cha harusi kilishuka sokoni Kalali,
zikapanda daftari, rundo mbili, na kalamu nyekundu.
"Kilikuwa kinanibana," alisema.
Hakikuwa kinambana.

Halafu, uzeeni, ubao ukaanza kufutika,
na ulifutika kuanzia chini,
maandishi ya jana kwanza.
Wakaenda wajukuu.
Kikaenda kifo cha baba, ikabidi tumfiwe upya
kila alipouliza mbona amechelewa.
Asubuhi moja ya Aprili, mvua inagonga bati,
akaniangalia nikimkoroga uji.
"Wewe ndiye nesi?"
Nikasema ndiyo.

Lakini usiku, saa tisa, saa kumi kasoro,
aliketi kitandani, akalaza blanketi magotini,
akalifungua mahali palipokuwa na ukurasa.

"Darasa la Pili B. Akaro, Elikunda."

Kimya. Alinyanyua macho
juu ya miwani ambayo hakuivaa.
Nilijua hataendelea.

"Nipo," nikasema.

"Kimambo, Fokasi."
Nipo, kwa sauti nzito.
"Lema, Ndewirwa," ambaye surua ilimchukua mwaka ule ule,
kabla hatujafika kwenye kugawanya.
Nipo, mwalimu. Mungu anisamehe, nipo.
Niliitika kwa waliohamia Dar,
kwa yule aliyeniibia kifutio,
kwa waliolala migombani kwao chini ya masale.

"Mmari, Ewaldi."
Hapo nilinyamaza.
Wivu wa miaka arobaini una magego.
Akangoja, vidole vimebana kalamu isiyokuwepo.
"Bado yuko kwenye kahawa?"
Hapana, mwalimu. Amefika. Huyu hapa, nyuma.
Akatia vyema kwenye blanketi,
na uso wake ukatulia.

"Ulomi, Nsiande."

Sauti ilishuka, kama mtu anayepunguza utambi
asimwamshe mtoto.
Nipo.
Hakutia alama. Aliinama karibu,
akatazama mlangoni kwanza, wengine wasisikie:
"Kengele ikilia, ningoje getini."

Tulimzika Alhamisi, kihambani, pembeni mwa mfereji.
Ewaldi alikuja, mvi kichwa kizima,
akashika koleo bila kuombwa.
Kwenye shada lake aliandika kwa mkono
hamsini na sita,
na watu wakadhani ni umri wa mtu fulani.

Leo nimeshuka mpaka shuleni.
Geti ni jipya, la chuma, limepakwa bluu.
Jiwe lipo, na pembe yake haijarudi.
Watoto wamepita, vumbi limekaa.
Ni saa nane na dakika arobaini.