Mshipa

Sindano ya tatu, na damu haiji.
Mkono wa Fergus umekakamaa, makovu juu ya makovu,
nami natota jasho ilhali theluji ya Dundee
inapapasa dirisha la wodi.

Asubuhi niliandika "teja" kwenye faili.
Daktari Rennie alilikata kwa kalamu,
akaandika juu yake: "Bwana Lamont, fundi bomba."

"Muulize yeye," ananong'ona sasa.
"Mishipa hii aliijua kabla yako."

Namuuliza. Ananikazia macho
kama anayesubiri kufokewa,
kisha anageuza kiganja, anabonyeza chini ya kidole gumba:
"Hapa. Polepole, binti. Huu hukimbia."

Damu inakuja, nyeusi, taratibu.
"Kila bomba na tabia yake," anasema,
na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu
anaomba chai.