Saa Kumi, Dukani kwa Ummer

Usinunue kiatu asubuhi.
Asubuhi mguu bado una adabu ya usingizi.
Ngoja saa kumi, jua la Nizwa likishaupika,
mishipa imetuna, kidole kidogo kimekasirika:
hapo ndipo mguu unaposema kweli.

Nimejifunza kwa gharama.
Mwaka jana, juu ya Al-Hamra, tukifuata nyuki
mimi na binamu yangu Ghusayn,
soli yangu ya kulia iliachama kama mdomo wa ng'ombe.
Gundi ilikuwa imeyeyuka.
Nikavua kilemba, nikaufunga kiatu kwa kilemba,
nikateremka kichwa wazi,
mguu umevaa heshima ya kichwa.
Shangazi Zuwena alicheka mpaka akakaa chini.

Leo nimekuja na soksi zangu za sufu mfukoni.
Ummer, Mmalabari, nyuma ya soko la mbuzi,
ananitolea kwanza vile vya rangi ya chungwa.
"Wageni wote wanachukua hivi."
Navikunja. Vinakunjika kama chapati.
Kiatu kinachokunjika katikati
kitakukunja nawe katikati ya njia.

Basi anapanda ngazi bila ya neno,
anashusha boksi lenye vumbi:
ngozi ya kahawia, nzito, haina majivuno.
Naangalia mshono kabla ya bei.
Naupitisha ukucha. Soli imeshonwa, haikubandikwa tu.
Nasukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ukuta;
nyuma ya kisigino kidole cha shahada kinaingia. Sawa.
Nafunga kamba. Kisigino kimetulia.

"Nataka kuteremka," namwambia.
Duka ni tambarare kama sahani.
Anafikiri. Anaegemeza ubao wa rafu juu ya kreti la soda,
nami, kanzu nimeikusanya mkononi,
nateremka mlima wa hatua tatu
mara ishirini, mbele ya mtoto aliyekuja kununua ndara,
kwa sababu kupanda kila kiatu kinajua;
kuteremka ndiko kunakong'oa kucha.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na kiatu usichokiteremkia hujui meno yake.

Riyali ishirini na nane. Nasema ishirini.
Ananionyesha dari, Mungu awe shahidi wa bei ya jumla.
Ishirini na nne na nusu, na kopo la mafuta ya ngozi.

Baba yangu alifika nchi hii na makubadhi.
Katoka Wete, miaka kumi na tisa, lugha ya babu zake haijui,
akaambiwa kijiji chenu kiko kule, nyuma ya lile jabali,
naye akaenda, kama mtu anayekwenda msikiti wa jirani.
Makubadhi mekundu, yenye nakshi.
Jabali liliyala kwa siku moja.
Alipobisha mlango, bibi mmoja alitazama miguu kabla ya uso,
akaleta maji ya chumvi kabla ya kahawa.
Neno la kwanza la Kiarabu alilojifunza, alikuwa akisema,
ni kisigino.

Wiki mbili nimevivaa nyumbani.
Usiku natembea juu ya paa, baina ya matangi ya maji;
Raya, mke wangu, anapiga kelele kutoka chini:
"Unamfukuza nani?"
Navilainisha. Au vinanilainisha.
Lengelenge moja limetoka, la kushoto, likapona.
Tumeelewana.

Ijumaa, kabla ya jua, tuko chini ya bonde.
Ghusayn amekuja na ndara alizozikata mwenyewe
kwenye tairi la lori, kazibana kwa waya.
Anavitazama viatu vyangu muda mrefu,
kama mtu anayetazama ghorofa ya jirani.
Hasemi kitu.
Nafunga fundo la kwanza. La pili, juu ya kifundo.
Ninapoinua kichwa ameshakuwa mdogo,
kule juu, penye mkunazi wa kwanza,
na vijiwe alivyovigusa vinateremka
kuja kuniuliza kama nimemaliza.