Toa Kwanza Chaji Yako

Saa saba na robo usiku, Kiruna hutetemeka.
Ni baruti ya mgodi chini ya mji, kila usiku ile ile;
vikombe hugongana kabatini, baba hageuki hata ubavu.
Miaka thelathini na minne alishuka shimoni
akapanda na vumbi la chuma kwenye kope,
na mto wake mpaka leo una kivuli chekundu
ambacho sabuni imekisalimia amri.

Kazi yangu mimi iko juu.
Nje kidogo ya mji, kwenye theluji, nasubiri tarakimu
kutoka Mirihi, dakika kumi na tisa njiani.
Huko chombo chetu kimenyoosha mkono mwembamba,
na nchani mwa mkono kuna kitufe cha titani, hakizidi limau.
Kitufe hicho ni ulimi.
Kinaonja hewa ya juu kabisa, pale jua lilipoipiga
mpaka ikameguka: elektroni huku, ayoni kule,
talaka isiyo na shahidi.

Watu hudhani kupima ni kuhesabu.
Kupima ni kutoa.
Chombo chenyewe hupigwa na jua, kikashika chaji,
kikazisukuma zile zile kinazotaka kuzihesabu,
kama mgeni aingiaye msibani na manukato makali
kisha akauliza nyumba hii inanukia nini.
TOA KWANZA CHAJI YAKO,
aliandika Hjördis Lantto ubaoni, akapigia mstari mara mbili,
akastaafu.

Jumatano ile dhoruba ya jua ilifika Mirihi.
Mchoro uliolala ukainuka, ukachanika;
upande wa mchana anga la juu likavimba,
na nyuma, gizani, mkia wa oksijeni ukaenda zake.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini hapa kibaba kinamwagika haba kwa haba
miaka mabilioni, na hakuna wa kukiinua.
Ni kiasi gani? Wengine gramu mia kwa sekunde, wengine kilo mbili.
Tunabishana mpaka kahawa inashika utando.

Asubuhi yake walikuja kuipima nyumba yetu.
Mgodi umeula mji kwa chini, sasa mji unahamishwa.
Vijana wawili, leza ya mkononi, fomu ya kurasa sita.
Baba aliwafuata chumba kwa chumba na soksi za sufu.
"Na mlango wa kabati, mmeupima?"
Mlangoni hapo pana mistari ya penseli: kimo changu
mwaka kwa mwaka, na kimo cha Enar
kilichokomea sentimita mia moja na nane.
Fomu haikuwa na nafasi ya hilo.

Jioni nilimwonyesha baba mchoro.
Nilitaka kumweleza msongamano wa elektroni,
nikasikia sauti yangu imeshika chaji.
Aliweka kidole chenye ukucha mweusi
pale pale mstari unapochanika.
"Wekundu wa huko ni wa nini?"
"Kutu, baba. Chuma na oksijeni."
"Basi nao walichimbwa."
"Hapana. Hewa inachukuliwa na upepo wa jua."
Akafikiri kidogo. "Na nani anawalipa?"

Saa saba na robo vikombe viligongana.
Nilikuwa macho, natoa, natoa:
chaji ya chombo, mwanga wa jua, kosa la saa,
na namba iliyobaki haikukubali kuwa sifuri.
Nikashuka jikoni na bisibisi
nianze na bawaba ya chini.
Baba alikuwa ameshatangulia,
ameshika tochi.