Mara Mbili

Alikuja Jumanne, mvua ya Meru ingali kwenye kola yake,
Mzee Ndewario Akyoo wa Nkoaranga,
kitabu cha leseni ndani ya mfuko wa sukari,
na kabla salamu hazijaisha akasema:
"Nipe ile kubwa."

Wote huanzia hapo.
Nimeuza darubini miaka kumi na tisa
nyuma ya Mtaa wa Sokoine, ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
sijaona mwanamume aliyeingia akiomba ndogo.

Nikamweleza ninavyowaeleza wote.
Ya bunduki hutaka jicho lisogee, nusura iguse nyusi;
ukiifunga juu ya bastola utaona giza
na katikati ya giza kitundu, kama cha ufunguo.
Ya bastola hutazamwa kwa mbali,
mwisho wa mkono ulionyooka.
Nikamweleza na teke lake: skrubu zikilegea
kioo kitakudanganya kwa upole, unywele kwa unywele,
mpaka siku moja ngiri akutazame anatafuna.

Akaitikia kwa kichwa. Anayajua.
Miaka thelathini aliwatangulia wageni kwenye nyasi za Simanjiro,
akisoma kinyesi kama sisi tunavyosoma gazeti.
"Ile kubwa," akarudia. "Macho yamezeeka."

Huwezi kunyoosha silaha hewani Arusha
ukarudi nyumbani kula.
Kwa hiyo nina mpini wa mninga, niliuchonga mwenyewe,
nikautia vipande vya risasi tumboni
hadi ukawa na uzito wa bastola ya mtutu mrefu.
Nikafunga darubini ya mara saba. Tukapanda kwenye paa,
kati ya matangi ya maji na shuka za Mama Nasieku.
Mawingu yakapasuka kidogo, mlima ukatoa bega.

Akanyoosha mikono yote miwili.
Akatazama.
Akashusha, akafuta lenzi kwa ncha ya shati,
akatazama tena.
"Mlima unacheza," akasema.

Sikujibu. Yapo mambo muuzaji hayasemi.
Kioo hakichagui: kikikuza mnyama
kinaukuza na mkono ulioshika.

Nikaweka ya mara mbili,
fupi, nyeusi, haina sifa, kama kifuniko cha chupa ya chai.
Mlima ukarudi udogo wake, ukatulia,
msalaba mwembamba umeulalia begani.
"Hii mkono wako utaiweza," nikamwambia,
nikaanza kutafuta kitabu cha risiti.

"Nirudishie ile ya kwanza."

Safari hii hakuutazama mlima.
Aliuelekeza mpini kwenye ukuta wa ghala ng'ambo,
kwenye herufi moja ya tangazo la saruji,
akaitazama ikiruka.
Alivuta pumzi, akaibana, akaiachia nusu.
Akaibana tena.
Hivyo ndivyo, nadhani, alivyochutama zamani
juu ya nyayo za mnyama asiyemjua.

"Mama watoto anasema nimevunja vikombe vitatu tangu Pasaka.
Mimi nililaumu vikombe.
Vya siku hizi," akasema, "masikio yake madogo."

Chini mtu alinadi parachichi kwa kipaza sauti.
Shuka ilimpiga begani, hakuiondoa.

Hakununua kubwa. Hakununua ndogo.
Aliuliza bei ya mpini.

Hauuzwi, nikasema, na mara nikajuta,
kwa hiyo sasa huja kila mwisho wa mwezi
na mkungu mdogo wa ndizi,
anapanda peke yake, ananyoosha mikono kuelekea ghala,
anashuka, ananitajia: "Leo nusu herufi."
Au: "Leo herufi nzima, na kidogo ya jirani."
Naandika nyuma ya daftari la madeni. Bastola
ameirudisha polisi; aliniambia hilo
huku akimenya ndizi, kama habari ya mtu mwingine.

Mwezi uliopita, alipokwisha shuka, nilibaki juu.
Nina miaka arobaini na sita.
Niliushika mpini, ukiwa bado na joto la viganja vyake,
mara saba, mlima mweupe, hakuna wingu.

Ulisogea.
Kidogo tu.
Nikalaumu upepo.