Muhuri wa Kuazima

Miaka thelathini na mmoja nimeugonga:
vyeti vya kuzaliwa, vya kufa, vibali vya kukata mierezi,
na mara moja, kwa mzaha, kiganja cha mwanangu Fumio.
Alicheka mchana kutwa: "Baba, nimeidhinishwa!"

Juzi ulikuja waraka kutoka Tokyo.
Haukufoka. Waraka wa serikali haufoki,
hukohoa kidogo tu kwenye aya ya tatu:
kijiji cha Onagase kitamezwa na mji wa Takase
kuanzia tarehe mosi Aprili.
(Hawakuandika "kitamezwa". Mimi ndiye niliyesoma hivyo.)
Muhuri urudishwe.

Tulidhani ni wetu.
Sadakichi wa greda la theluji naye alidhani hivyo.
Saa kumi alfajiri hakungoja simu ya mtu,
alisikiliza paa lake likigugumia
akawasha injini.
Sasa simu itapigwa Takase,
Takase wataandikia mkoa,
mkoa utauliza ni fungu gani la bajeti,
na theluji, ambayo haijui kusoma,
itazidi kupanda mlangoni kwa Bibi Hatsuyo.

Sisemi ni dhuluma.
Daraja letu lilijengwa kwa fedha zao.
Mwalimu wa hesabu walimleta wao,
akafundisha watoto watano kitabu kilekile
wanachosoma watoto wa jiji, ukurasa kwa ukurasa.
Kisu kikishikwa na mmoja, vipande hulingana,
hilo nalikubali.
Ila anayekata ndiye pia anayejua
keki itaondolewa mezani lini.

Sisi katika sheria ni aya.
Aya haifi, hufutwa,
na aliyeifuta hupangusa vidole akaenda kula.
Nguo ya kuazima, nanyi mwajua inapoishia.

Usiku wa thelathini na moja Machi, saa tano na robo,
niko peke yangu ofisini, heta imezimwa kubana matumizi.
Natoa karatasi. Naandika:
*Sadakichi aruhusiwa kusafisha njia zote za Onagase
bila kumwuliza mtu. Muda: hadi theluji ichoke.*
Naupulizia muhuri pumzi, nagonga.

Zimebaki dakika arobaini na tano za mamlaka.
Nauosha kwa spiriti, naufunga kwenye kitambaa,
nauweka ndani ya bahasha yao.

Wino mwekundu umenisalia gumbani.
Huo hawakuuorodhesha.