Malori Matatu, Mafungu Saba

Saa kumi na moja alfajiri, soko la Kibaigwa,
vumbi bado limelala chini ya maturubai.
Mafungu saba ya mahindi yameegemea ukuta,
malori matatu yamegeuza migongo,
na mimi karani nina penseli moja.

Magunia hamsini ya Masinga wa Pandambili.
Arobaini ya Ndahani, arobaini mengine ya mkwewe.
Thelathini mara tatu, wenyewe watatu mbalimbali.
Na ishirini ya Sechelela,
aliyeyashona kwa uzi mwekundu asije akaibiwa.

Kazi yangu: lori lililoelemewa kuliko yote
lielemewe kidogo iwezekanavyo,
maana mizani ya barabarani haina huruma,
wala haisikilizi kwamba mwenzake alipita mwepesi.

Kila fungu lina milango mitatu ya kuingia.
Tatu mara tatu, mara tatu tena, hadi fungu la saba:
elfu mbili mia moja themanini na saba.
Nikijaribu mpango mmoja kwa dakika
jua litazama, litachomoza, litakaribia kuzama tena,
na makuli watadai posho ya siku mbili.

Nikayatazama malori.
Fuso za rangi moja, zimenunuliwa siku moja.
Nikifumba macho ukazibadilisha nafasi
nitafumbua nisijue.
Kumbe nilikuwa naandika jambo moja
mara sita, kwa majina sita!

Nikasema: la Masinga linaingia lori hili.
Hili lipi?
Hili nililolinyooshea kidole.
Kabla ya kidole halikuwapo la kwanza.
Fungu la pili limfuate Masinga, ama liende kwenye tupu,
tupu lolote. Matupu hayana majina.

Nikagawanya kwa sita, ikabaki nusu.
Nusu ile ilinikera kama punje kwenye jino,
hadi nilipokumbuka ule mpango wa kijinga,
mafungu yote saba ndani ya lori moja:
mawili yaliyobaki ukiyabadilisha
umebadilisha upepo kwa upepo.
Huo una sura tatu tu, si sita.
Nikarekebisha. Mia tatu sitini na tano.
Nikacheka peke yangu pale gizani,
mwaka mzima umejibana kwenye malori matatu.

Marehemu baba alikuwa mshairi, mizani yake ilikuwa vidole.
Mstari ukilingana pande zote, alisema,
usijichoshe, pima upande mmoja.

Hamsini na thelathini.
Arobaini na arobaini.
Thelathini, thelathini, ishirini.
Themanini kila lori! Nikafunga daftari.

Ndipo Chilongola akashuka, anajifuta grisi.
"Karani, springi yangu ya nyuma imekatika jani.
Zaidi ya sitini sibebi."

Jani moja la chuma.
Sasa lori lake lina jina, na mapacha wamebaki wawili.
Nikahesabu upya: elfu moja tisini na nne.
Mwaka wangu umekuwa miaka mitatu
kasoro siku moja.

Lakini sitini ya Chilongola ilijileta yenyewe,
thelathini mbili, basi.
Kwa mapacha, tisini na tisini:
hamsini na arobaini huku,
arobaini, thelathini na ishirini kule.
Nani apande na Masinga, Ndahani au mkwewe?
Uzito haujali. Nikarusha sarafu.

Makuli wakaanza. Vumbi likaamka.
Sechelela akanijia, kanga imefungwa kiunoni.
"Yangu yako lori gani?"

Nilitaka kumwambia lolote, mama,
haya mawili ni kitu kimoja,
nimekesha nikithibitisha.
Nikauona uzi mwekundu ukipanda begani mwa kuli.

Nikachukua kalamu ya wino,
nikamwandikia namba ya lori kiganjani.
Akaisoma mara mbili,
akafumba mkono.