Ninunie

Shaame aliniambia mara mbili.
Mara ya kwanza mwezi wa Shaaban, uwanja umeloa:
"Kocha, kifua kinapiga kama mtu anagonga mlango."
Nikamwambia: mfungulie.
Wenzake wakacheka. Naye alicheka.

Mara ya pili aliniambia kwa mkono tu,
kauweka hapa, juu ya namba saba,
nami na filimbi yangu mdomoni
nikamwonesha saa: bado dakika kumi.

Nne alizitumia.
Sita zimebaki kwangu, sijui niziweke wapi.

Ndiyo maana leo, na miaka yangu hamsini na mbili,
na goti hili, na baiskeli ya kuazima
inayotoka mnyororo kila kilima,
nimo katika watu kumi na tisa
watokao Makangale kwenda Kengeja, na kurudi,
siku tatu, fulana nyekundu, mgongoni imeandikwa
PIMENI MIOYO YA WATOTO WANAOCHEZA.
Yangu inanibana kwapani.
Nyuma yetu pikapu ya Nesi Rahika:
mashine moja, nyaya kumi, jenereta,
na kopo la michango lililokuwa la maziwa ya unga.

Kisiwa hiki ukikijua kwa gari, hukijui.
Kwa gari, Ole ni jina la mahali.
Kwa baiskeli, Ole ni madhambi yako yote
yamesimama wima mbele yako.
Kando ya njia karafuu zimeanikwa majamvini,
kila moja msumari mdogo,
na harufu yake inakwenda moja kwa moja kifuani.
Bibi mmoja akauliza: "Mwakimbizwa na nani?"
"Na maradhi, bibi," akajibu Haroub wa benki.
"Basi kazeni," akasema, na koponi akatutilia
konzi ya karafuu, maana pesa hakuwa nayo.

Chake, watu, vipaza sauti, hotuba.
Mheshimiwa alishukuru sana. Sikumsikia.
Nilikuwa namtazama Bi Time, mamake Shaame,
juani, kwenye kiti cha plastiki, bahasha mapajani.
Miaka mitatu nikimwona nakata kona.
Safari hii baiskeli ilikataa kukata.
Akanyoosha chupa. "Kunywa maji, Mwalimu."
Basi. Sikuambiwa nimesamehewa.
Niliambiwa ninywe. Nikanywa.

Kengeja vijana wamepanga foleni vifua wazi,
wanasukumana, wanachekea nyaya.
Karatasi inatoka: kilima, bonde, kilima,
kama barabara tuliyokuja nayo.
Ya mmoja Nesi Rahika aliitazama mara mbili.
Akampima tena. Akazima feni, akampima tena.
Massoud, miaka kumi na sita, mguu wa kushoto,
mabao yote ya kijiji yako mguuni mwake.
Nesi akaniita. "Lugha yao unaijua wewe."

"Usicheze mpaka uonwe na daktari, Unguja."
"Ijumaa fainali."
"Najua."
"Mimi siumwi."
"Najua."
"Kwani wewe nani?"
Hilo sikulijibu.

Akavua njumu, akanitupia.
Moja ikanipata kwenye goti, lile lile.
Akaondoka pekupeku, hakuaga,
hatua ndefu, nzuri, za mtu mzima wa afya,
na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Ninunie, Massoud.
Tukipishana sokoni geuza uso.
Nitukane kwa wenzako, nitukane Ijumaa yote.
Waje wanao uwasimulie
kibabu mwenye tumbo aliyekunyima kombe.
Ninunie mpaka uote mvi,
mpaka usahau ulichonunia
na ununaji ubaki kama mazoea.

Alfajiri tunarudi. Vilima ni vile vile,
ila vya kushuka ndivyo vya kupanda sasa.
Njumu zake nimezifunga nyuma, kwenye keria.
Kila shimo zinagonga.
Haroub ananiambia nikaze kamba.
Naziacha zigonge.